Mzee El-Salahi: Mchoraji aliyeyapa kazi ya pili maboksi ya dawa

Boksi la dawa za maumivu likiisha, nyumba nyingi hulitupa. Nyumbani kwa Mzee Ibrahim El-Salahi, katika mji wa Oxford nchini Uingereza, boksi lililokwisha dawa lilifunguliwa, likalazwa mezani, na upande wake usio na maandishi ukaanza kazi ya pili.

Hapo mchoraji huyo mashuhuri wa Sudan alichora kwa kalamu ya wino mweusi nyuso ndefu, macho yaliyofunguka, ndege, na maumbo ambayo nusu ni mtu na nusu ni kitu kingine. Boksi lilipokosekana, alichora nyuma ya bahasha ya barua iliyokwisha kusomwa.

Alianza mfululizo huo karibu mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 80 na ushee. Mgongo ulikuwa unamsumbua, neva inayotoka kiunoni na kushuka mguuni ilikuwa inamchoma, na juu ya hayo alikuwa na ugonjwa wa Parkinson. Kusimama mbele ya turubai kubwa kwa saa nyingi, kama alivyofanya maisha yake yote, kukawa hakuwezekani tena. Kukaa kwenye kiti na kipande cha karatasi kinachoenea kiganjani kuliwezekana.

Michoro hiyo aliipa jina lenye maana ya kutuliza maumivu. Jina hilo si la kupendezesha maonyesho. Mzee mwenyewe ameeleza mara kadhaa kwamba akizama katika kuchora huacha kuyasikia maumivu, na akiiweka kalamu chini, yanarudi.

Anayekutana naye kwa mara ya kwanza katika michoro hiyo anaweza kudhani ni mzee aliyetafuta cha kumpitishia siku. Lakini kufanya kazi kubwa kwenye karatasi ndogo ni jambo ambalo El-Salahi alilijua miaka 40 kabla, mahali pabaya kuliko kiti cha mgonjwa.

Ubao wa chuoni

El-Salahi alizaliwa Omdurman mwaka 1930, ng’ambo ya mto Nile kutoka Khartoum. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kurani, na chuo kilikuwa hapo hapo nyumbani. Mtoto akajifunza kusoma na kuandika kwa namna ambayo wazee wengi wa pwani yetu wataitambua: ubao, kalamu ya kuchonga, wino, aya zinaandikwa, zinahifadhiwa, kisha ubao unaoshwa na kuandikwa upya.

Nchini Sudan maji hayo hayamwagwi ovyo. Kama ilivyo kwa kombe huku Afrika Mashariki, yapo maandishi yanayooshwa na maji yake kunywewa na mgonjwa kwa kutafuta shifaa. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu tiba ya namna hiyo, na mwandishi wa habari za afya hawezi kuisifia kama dawa. Lakini kwa mtoto aliyekulia humo, wino na nafuu havikuwa mbali kiasi hicho. Hapo pia ndipo alipoanza kupamba mbao na kujifunza kwamba herufi si ya kusomwa tu, ina umbo na mwendo wake.

Alisomea sanaa Khartoum, kisha mwaka 1954 akapata nafasi ya kwenda chuo cha sanaa cha Slade, London. Katika chuo hicho hicho, miaka hiyo hiyo ya 1950, alisoma Mtanganyika Sam Ntiro, mchoraji aliyekuja kuwa balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza. El-Salahi alikaa London hadi 1957, akachora kama walivyochora wenzake wa Ulaya, tena kwa ustadi. Akarudi nyumbani na furushi la kazi.

Watu walikuja siku moja tu

Aliporudi aliandaa maonyesho katika Hoteli Grand ya Khartoum. Siku ya ufunguzi watu walijaa, wakala, wakanywa, wakapeana mikono. Kesho yake hakuonekana mtu. Akajaribu tena, ikawa vile vile.

Msanii mwingine angelaumu watu kwa kutokujua sanaa. Yeye alijiuliza kwa nini majirani zake mwenyewe hawakuwa na haja na alichokileta. Akaacha kuchora kwa muda, akazunguka Sudan akitazama vitu ambavyo watu walikuwa navyo majumbani: mapambo ya kuta, mikeka, vibuyu, vikapu, matandiko ya ngamia. Na karibu kila nyumba ya Mwislamu aliona kitu kimoja, maandishi ya Kiarabu ukutani.

Akaanza kidogo. Aliandika maneno madogo ya Kiarabu pembeni mwa picha zake, na watu wakasogea karibu kuyasoma. Kisha akazipasua herufi zenyewe. Ndani ya mkunjo wa herufi aliona pembe, ubawa, mfupa, uso. Rangi nazo akazipunguza hadi zikafanana na ardhi: kahawia, udongo mwekundu, nyeusi na nyeupe. Miaka ya 1960 yeye, Ahmed Shibrain na mwanamama Kamala Ibrahim Ishaq wakawa nguzo za kundi lililokuja kujulikana ulimwenguni kama Skuli ya Khartoum. Huyo mama, kwa kweli, anastahili makala yake mwenyewe.

Mwaka 1964, baada ya kufiwa na baba yake, alichora picha aliyoiita Sauti ya Mwisho, akiwaza dua zinazosomewa mtu anayeaga dunia. Picha nyingine ya miaka hiyo, inayohusu sauti za ndoto za utotoni zilizozaliwa upya, ina watu warefu kama mizimu wanaomkabili mtazamaji. Leo imo katika hazina ya makumbusho ya Tate, Uingereza.

Kipindi hicho kilikuwa kizuri kwa waandishi wa Sudan pia. Tayeb Salih, aliyemtangulia El-Salahi kuzaliwa kwa mwaka mmoja tu, alitoa mwaka 1966 riwaya yake kuhusu msimu wa kuhamia kaskazini, inayohesabiwa miongoni mwa riwaya kubwa za Kiarabu. Kitabu chake kingine, Arusi ya Zein, kilipotoka kwa Kiingereza mwishoni mwa miaka hiyo, michoro yake ilikuwa ya mkono wa El-Salahi. Wote wawili walifahamu maana ya kuandika na kuchora kijiji cha mto Nile ukiwa kwenye baridi ya London. Salih alifia London mwaka 2009.

Miezi sita na siku nane

Kuanzia 1969 El-Salahi alikuwa mwambata msaidizi wa utamaduni katika ubalozi wa Sudan, London. Serikali ya Jaafar Nimeiri ikamwita nyumbani, akawa ofisa wa juu wa utamaduni katika wizara, na hata akaongoza kipindi cha sanaa kwenye televisheni. Alikuwa mtu wa serikali.

Septemba 1975 jaribio la kupindua serikali lilishindwa. El-Salahi akakamatwa kwa tuhuma za kuipinga serikali, akapelekwa gereza la Kober, Khartoum. Hakufikishwa mahakamani. Alikaa humo miezi sita na siku nane.

Gerezani ilikuwa mwiko kuandika au kuchora. Aliyekutwa na kalamu au karatasi aliadhibiwa kwa kufungiwa peke yake. Wafungwa walitolewa nje kwa muda mfupi kila siku kunyoosha miguu, na muda huo El-Salahi aliutumia kuchora mchangani kwa kidole au kijiti, akifuta haraka kabla askari hajafika. Alipopata vipande vya karatasi, alichora kwa siri na kuvifukia ardhini.

Hapa ndipo alipojifunza jambo ambalo mtu mwenye turubai kubwa na chumba chenye mwanga hana sababu ya kulijifunza. Mchoro mmoja unaweza kugawanywa katika vipande vidogo. Kila kipande kikabeba sehemu yake, kikafichwa, na kichwa peke yake kikakumbuka vyote vinavyokaa pamoja. Picha inaota kama mbegu: unaanza na kiini katikati, kisha unaongeza karatasi upande huu, na nyingine upande ule.

Aliachiwa mwaka 1976 kwa namna ile ile aliyokamatwa, bila maelezo ya maana, akawekwa chini ya kifungo cha nyumbani. Ndipo alipochukua daftari na kuijaza gereza lote kwa kumbukumbu, kwa michoro ya wino na maandishi ya Kiarabu: kuta, vyuma, wafungwa waliokunjamana, nyuso zisizolala. Daftari hilo sasa lipo katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York, ambayo mwaka 2018 ililichapisha kama kitabu.

Mwaka uliofuata aliondoka Sudan kwenda Qatar kufanya kazi. Huko Ghuba, wachache walijua kwamba ofisa huyu mpole ni mchoraji wa kimataifa. Alifanya kazi ya ofisi mchana, na usiku akachora.

Katika miaka ya 1984 na 1985 alichora kazi ambayo wengi huiona kuwa kubwa kuliko zote alizofanya. Jina lake lina maana ya jambo lisiloepukika. Ni wino mweusi kwenye paneli tisa zinazounganishwa kuwa picha moja ndefu kuliko mtu mzima, na ndani yake watu wamesimama, ngumi zao ziko juu. Aprili 1985 wananchi wa Sudan waliingia barabarani na Nimeiri akaanguka. Picha hiyo ya paneli tisa imejengwa kwa mbinu ya Kober, kipande baada ya kipande. Inatunzwa katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani.

Mti unaokataa mvua

Mwaka 1998 El-Salahi alihamia Oxford na familia yake. Huko akaanza mfululizo mrefu kuhusu mti mmoja, haraz, wa jamii ya migunga, unaoota kandokando ya Nile. Haraz una tabia ya ajabu. Mvua zikinyesha na kila kitu kikiwa kijani, wenyewe unapukutisha majani. Kiangazi kikikausha miti mingine, haraz unavaa majani, na mifugo inapata kivuli na chakula. Wakulima wa Afrika kavu wanaupenda kwa sababu hiyo: msimu wa kulima hauzibi jua shambani.

Aliuchora mti huo kwa miaka, mara kwa mistari myeusi iliyonyooka, mara kwa rangi kali ambazo hakuwa akizitumia zamani, hadi shina na matawi vikabaki kama sura ya mtu aliyesimama wima. Hakuhitaji kueleza sana. Yeye mwenyewe alipata majani msimu ambao wengine wanakauka: mwaka 2013, akiwa na miaka 82, makumbusho ya Tate Modern ya London yalimfanyia maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake yote, akawa msanii wa kwanza mzaliwa wa Afrika kupewa heshima hiyo hapo.

Kisha mwili ukaanza kudai.

Parkinson na mkono wa mchoraji

Parkinson ni ugonjwa wa ubongo unaokuja polepole. Seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mijongeo ya mwili, hufa kidogo kidogo kwa miaka. Dalili zinapoonekana, nyingi zimeshapotea.

Mgonjwa huanza kuwa mzito. Kufunga vifungo vya shati kunachukua muda. Hatua zinakuwa fupi na mkono mmoja hauning’inii tena vizuri anapotembea. Uso unatulia hadi watu wanadhani amekasirika. Wengi hutetemeka mkono, ingawa wapo wasiotetemeka kabisa. Uwezo wa kunusa unaweza kupungua mapema, usingizi unaharibika, choo kinakuwa kigumu, na maumivu ya misuli na mgongo ni ya kawaida kuliko watu wanavyofikiri. Mwandiko nao hunywea: mstari unaanza na herufi za kawaida, unaishia na herufi ndogo kama sisimizi.

Hakuna dawa inayoumaliza. Zipo zinazopunguza dalili, levodopa ikiwa ndiyo ya zamani na inayotegemewa zaidi, na mazoezi husaidia sana. Familia nyingi hudhani ni uzee tu, au huanza kutafuta aliyemroga mzee, na miaka inapita kabla hajafika kwa daktari wa mishipa ya fahamu.

Kuna jambo moja la ugonjwa huu linalohusu kalamu. Mtetemo wake wa kawaida ni wa mkono uliopumzika. Kwa wagonjwa wengi, mkono unaotikisika ukiwa umelala mapajani hutulia kiasi unapoanza kufanya kazi ya makusudi. Na maumivu ya muda mrefu, tofauti na ya jeraha la leo, yana sehemu kubwa inayotegemea pale akili ilipo. Akili ikiwa na shughuli nzito, ishara za maumivu zinapata nafasi ndogo. Kwa hiyo mzee anayesema akichora haumwi, hajidanganyi. Haina maana aache dawa. Na El-Salahi hakuziacha, maana maboksi yenyewe ni ushahidi kwamba zilinywewa.

Katika nyumba nyingi mambo huenda kinyume. Mzee akianza kutetemeka, watoto wenye upendo humpokonya vitu mkononi. Jembe linawekwa juu, cherehani inafunikwa kitambaa, bibi anaambiwa asiguse ukili maana atajichoma. “Pumzika mzee, sisi tupo.” Nia ni njema, lakini mtu aliyekuwa fundi anageuzwa mgonjwa kuanzia asubuhi hadi usiku, na asipokuwa na kitu kingine cha kusikiliza, atasikiliza mgongo wake.

El-Salahi aliachiwa kalamu. Kazi ndiyo iliyopunguzwa ikamfaa: badala ya turubai, boksi, badala ya kusimama, kiti, badala ya brashi na rangi, kalamu ya wino isiyohitaji kuchanganywa wala kusafishwa. Siku mbaya, mchoro mmoja mdogo. Siku nzuri, kadhaa.

Lakini hakukubali kubaki mdogo. Baadhi ya michoro hiyo ya kiganjani ilikuzwa na kuchapwa kwenye vitambaa vikubwa vya kitani, kwa njia ya skrini, ile ile inayotumiwa mitaani kuchapa fulana. Mstari ambao mkono wa mzee uliuvuta kwa sentimita tatu ukawa mrefu kuliko mkono wenyewe, na kila mkwaruzo wa kalamu ukaonekana. Hakuna aliyeusawazisha. Mwishoni mwa mwaka 2022, El-Salahi akiwa na miaka 92, michoro yake ya kutuliza maumivu ilitundikwa katika kituo cha sanaa cha Drawing Center, New York, na watu walilazimika kuinama na kusogeza macho karibu, kama wale wa Khartoum waliosogea kusoma maneno ya pembeni.

Aprili 2023, miezi michache baada ya maonyesho hayo kufungwa, vita vilizuka Khartoum. Omdurman, alikozaliwa, ikawa uwanja wa mapigano na wakazi wakakimbia kwa maelfu. Makumbusho ya Taifa yakaporwa. Na katika wiki ya pili ya vita, milango ya gereza la Kober ilifunguka na wafungwa wakatoka.